Alama Shingoni mwa Adey

Mwenye nyumba wetu hapa Waberi, mtaa wa Garissa, ana tabia ya kupaka kuta chokaa kila Ramadhani ikikaribia. Hatoi taarifa wala hapigi hodi. Unaamka asubuhi unawakuta vijana na ndoo zao, ua mzima unanuka chokaa mbichi, na majirani wanafurahi kwa kuwa nyumba zinapendeza. Mimi hujifungia ndani. Mume wangu hunitania kwamba ameoa mwalimu wa kuchora anayeogopa rangi nyeupe, nami hucheka naye. Sijawahi kumwambia kwamba harufu ile ikinifika puani viganja hunitoka jasho, nikarudi kuwa mtoto wa darasa la nne aliyeshika brashi nzito, huku watu wazima wamemzunguka kimya.

Mwaka huu sikuweza kucheka. Vijana wa chokaa wamekuja tukiwa tumetoka kijijini kumzika Hooyo, mama yangu, na shati langu moja bado lina madoa meupe mkononi ambayo sijataka yafuliwe. Nitaeleza yalivyofika pale.

Kijiji chenyewe sitakitaja. Kiko kando ya barabara ya kwenda Habaswein. Anayekijua atakijua, na asiyekijua hatapungukiwa na kitu. Hata alama nitakayoisimulia sitaieleza ilivyo, kama ni mstari au duara au nini. Mtasema mwanamke huyu ni mwoga. Ni kweli, na haya ndiyo maelezo ya uoga wangu ulikotoka.

Kwetu kulikuwa na watu wa upande wetu, yaani ukoo wa Aabo, baba yangu, na kulikuwa na watu wa ng'ambo ya bwawa, ukoo wa Hooyo. Dini yetu ilikuwa moja, lugha moja, hata mizaha ilikuwa ile ile. Bwawa la maji lilikuwa katikati, na kiangazi kikikaza, hapo katikati palikuwa pabaya. Watoto tulijua hivyo jinsi mtoto anavyojua kwamba jiko ni moto, bila kueleza. Nilijua kwamba Hooyo alitoka ng'ambo. Sikujua kwa nini alikuja, wala sikuwahi kuuliza, maana nilidhani mama wote wametoka ng'ambo ya kitu fulani.

Nyumbani tulikuwa na ngamia mmoja wa maziwa, Adey, yaani Mweupe. Hakuwa wetu. Abti Nur, kaka yake Hooyo, alimleta tumkamue mpaka maziwa yakauke, kisha tumrudishe, kama ndugu wanavyofanyiana. Adey alikuwa na midomo ya dharau na kope ndefu, na alikubali kukamuliwa na Hooyo peke yake. Alfajiri Hooyo alifukiza kibuyu kwa kijinga cha moto mpaka ndani kikanuka moshi mtamu, kisha akasimama kwa mguu mmoja, mwingine ameukunja akautegemeza gotini, kibuyu juu ya paja, akikamua huku akimwimbia. Mimi nilisimama karibu na shingo ya Adey nikilisubiri povu. Ndiyo maana nilivijua vyote vilivyokuwa shingoni pale: manyoya yaliyojipinda, kovu la mwiba, na ile alama iliyochomwa, nyeusi na laini, isiyoota manyoya.

Sasa mnisamehe ujinga wangu. Nilidhani alama ile alizaliwa nayo. Ngamia wengine wa kijiji walikuwa na alama tofauti, nami nilizichukulia kama sura, jinsi huyu ana pua ndefu na yule ana masikio madogo. Wavulana hupelekwa malishoni wakiwa wadogo na hufundishwa alama kabla ya herufi. Wanaweza kukutajia alama za koo zote hadi Ijara. Msichana hakuna anayekaa kumfundisha. Mimi nilikuwa najua kusoma Kiswahili na Kiingereza, nilikuwa nimefika mbali katika Kurani, na sikujua kusoma shingo ya ngamia.

Mwalimu Kyalo alikuja kwetu kutoka Kitui. Alikuwa mrefu, mwenye kucheka ovyo, na alipenda maziwa ya ngamia kutushinda sisi tuliozaliwa nayo. Alifundisha hesabu, lakini moyo wake ulikuwa kwenye kuchora. Tulipotangaziwa mashindano ya utamaduni ya shule, yeye ndiye aliyetafuta rangi kutoka Garissa, akatupanga mbele ya ukuta wa darasa jipya, ule unaotazama bwawa.

“Wageni wakija,” alisema, “nataka waone maisha yenu bila kuuliza mtu. Lakini sitaki ngamia wa kwenye vitabu. Nataka ngamia unayemjua. Chora unachokiona, si unachoambiwa.”

Akanipa mimi ukuta. Wavulana walinung'unika, hasa Abdi, jirani yangu wa dawati, ambaye alikuwa mchungaji na alijiona mwenye ngamia. Mwalimu akawaambia wachore mitungi na mikeka kwenye ukuta wa upande wa pili. Kwa wiki nzima, masomo yakiisha, nilipanda juu ya dawati nikachora. Nilimchora Adey na kope zake, na dharau yake, na goti lenye sugu. Mwishowe nikachovya brashi nyembamba kwenye rangi nyeusi nikamwekea alama yake shingoni, kubwa na safi. Mwalimu Kyalo alirudi nyuma hatua chache, akatikisa kichwa kwa furaha, akasema hajawahi kuona mtoto mwenye jicho kama langu. Nilikwenda nyumbani siku hiyo nikiwa mtu mkubwa.

Asubuhi iliyofuata kulikuwa na watu wasio wazazi wa mtu pale shuleni. Vijana wa ng'ambo walikuwa wamekuja kunywesha mifugo, wakaiona shule kutoka bwawani. Mmoja alikuwa na simu ya kupiga picha. Walisimama mbele ya ukuta wangu wakicheka na kupigana mabega, wakapiga picha, wakaondoka. Nilifurahi. Nilidhani wameipenda.

Kabla ya adhuhuri picha ile ilikuwa imefika kila simu ya kijiji, na maneno chini yake: shule na maji yake vina mwenyewe sasa, tazameni muhuri.

Sikuyaelewa maneno hayo hadi nilipokuwa mkubwa kidogo, lakini ninyi mnastahili kuelewa sasa. Alama ya ngamia haikai kwenye ngamia tu. Huchongwa kwenye miti, hukwaruzwa kwenye mawe ya visima, na palipochongwa pana mwenyewe. Ukuta mweupe unaotazama bwawa, katika ardhi ya ukoo wa Aabo, ulikuwa umeandikwa alama ya ukoo wa Hooyo, kwa rangi isiyofutika, kubwa kiasi cha kuonekana kutoka majini. Wazee wa upande wetu hawakuona ngamia. Waliona alama.

Niliona mabadiliko kwa watu. Duka lililokuwa likijaa wanaume wakibishana kuhusu mpira likawa tupu. Mama wa Abdi, ambaye kila asubuhi alimwita Hooyo “walaal, nabad?”, yaani ndugu, kwema, wakaulizana habari za watoto, alipita na mtungi wake bila kugeuza shingo. Abdi mwenyewe hakukaa karibu nami. Nilipomuuliza kuna nini, alinitazama kama anayetazama mtu mgonjwa.

“Umeharibu,” akasema. “Wanasema mama yako ndiye aliyekutuma.”

“Alinituma nini?”

Akageuka akaenda zake. Pengine alidhani ninajua.

Nilitafuta kosa langu mwenyewe, kama mtoto anavyotafuta. Macallin wa duksi, mwalimu wetu wa Kurani, alikuwa amepita hapo ukutani akaguna, na aliwahi kutuonya kuhusu kuchora vyenye roho. Nikaamua hilo ndilo kosa. Lakini kama ni hilo, mbona wote wanamtazama Hooyo?

Nikarudi nyumbani. Aabo, ambaye ni mpole kupita kiasi, alikaa na kikombe cha chai mpaka chai ikashika utando. Adeer Bare, kaka yake mkubwa, alikuja na bakora yake akasimama mlangoni bila kuvua viatu. Adeer Bare alikuwa mtu ambaye hata mbuzi humpisha. Alisema na Aabo kwa sauti ya chini, nami nyuma ya mkeka nikapata vipande: watu wa ng'ambo watakuja kesho, tutakaa, kama hawatakubali, basi yule arudi kwao, na kila kitu kirudi kilivyokuwa.

Yule alikuwa ameketi nje akipepeta mchele. Nilimwona mgongo wake kupitia mlangoni. Mikono yake haikusita hata kidogo, nami nikajua kwamba amesikia.

Usingizi ulinipita kando. Nilishika upindo wa nguo ya Hooyo nikaukunja kwenye ngumi, nikiwaza kwamba akiinuliwa tu, nitajua.

Kesho yake walikuja, wazee wa pande zote mbili, na kwa kuwa hakuna aliyekubali kukaa kwenye uwanja wa mwenzake, chifu alisema wakae darasani. Bado ninawaona: wanaume wenye ndevu za hina, walioamua mambo ya damu, wamejibana kwenye madawati ya darasa la kwanza, magoti yamefika vifuani, na ubaoni nyuma yao herufi za a, e, i, o, u. Siku nyingine ningecheka hadi nilie. Siku hiyo niliwachungulia dirishani nikarudi nyumbani mbio, maana Hooyo alikuwa peke yake.

Na hapo uani kwa Adeer Bare nilikuta moto. Ndani ya moto kilikuwa kimelazwa chuma cha kuchomea alama, ncha yake imeanza kuwa nyekundu.

Mtu mzima angejua. Ndama wa Adeer walikuwa wamefungwa pale nyuma ya ua tangu asubuhi, wanangoja kutiwa alama, na wazee walipofika mwenye kazi aliacha kila kitu akaenda kusikiliza. Mimi sikuwaona ndama. Niliona chuma, na ghafla mambo yote yakajipanga kichwani mwangu. Kumbe alama huchomwa kwa chuma, kuonyesha mtu ni wa nani. Nilikuwa nimekwisha kumwona Hooyo akioga, shingo yake haina kitu. Ameishi kwetu bila alama miaka yote hii na leo wamegundua, kwa sababu ya picha yangu. Wanakaa darasani kuamua achomwe ya upande gani.

Sijui kuieleza hofu ile kwa watu wazima wenzangu. Nilikuwa nimesikia ngamia akichomwa, nikidhani ni dawa, ule mlio, halafu ile harufu ya nywele na nyama. Nilitazama moto nikaisikia harufu hiyo kabla haijakuwepo.

Pale kando kulikuwa na beseni la maji ya mbuzi. Nililiburura, nikaliinua sijui kwa nguvu gani, nikalimwaga lote juu ya moto. Mvuke ukaruka, chuma kikalia kama nyoka, majivu yakanijaa usoni. Kisha nikakishika kile chuma kwa nguo yangu, kikiwa bado kinaunguza, nikakimbia nacho. Nilitaka kukitupa bwawani. Lakini njia ya bwawa inapita shuleni, na pale mlangoni pa darasa nikagongana na yule mwenye kazi ya kutia alama, akanishika mkono.

Waliniingiza ndani hivyo hivyo, uso mweusi kwa majivu, chuma mkononi.

Adeer Bare aliuliza, “Ni nini hiki?”

Nilikuwa nimeshaanza kulia. Nikasema, “Msimchome Hooyo.”

Hapakuwa na aliyeelewa, kwa hiyo nikarudia, nikaeleza yote, kwamba ni mimi niliyechora, kwamba Hooyo hakunituma, kwamba Adey yuko hivyo, ana kope vile na ana alama vile, na kwamba mwalimu alisema tuchore tunachokiona. Nilisema kwamba kama lazima achomwe mtu basi mimi ninajua kuvumilia. Hilo lilikuwa uongo mtupu, sikujua kuvumilia hata sindano.

Mzee mmoja wa ng'ambo alifunika uso kwa shali. Abti Nur alitazama sakafu. Mwalimu Kyalo, aliyekuwa amesimama kwenye kona kama mwanafunzi aliyeadhibiwa, hakujua Kisomali kiasi cha kufuata, akauliza nimesema nini. Adeer Bare akamgeukia, na kwa mara ya kwanza nikasikia, kwa Kiswahili chake kizito, habari ya mama yangu.

“Mwalimu, wewe ni mgeni, hawesi kujua. Hii si bicha. Hii ni kama wewe naandika jina yako kwa nyumba yangu. Samani hapa kulikuwa na fita. Watu ya huyu ilikufa, watu yangu ilikufa. Wasee wakakaa, wakasema damu ifungwe. Ile dada ya huyu,” akamwonyesha Abti Nur kwa bakora, “ikaletwa kwa ndugu yangu, iolewe, isae, tukuwe kitu moja. Huyu mama ndiyo amani yenyewe. Sasa mtoto yake ndiyo nafungua.”

Mwalimu Kyalo akaketi chini, pale pale sakafuni.

Nilisimama nikiwa na chuma changu. Nilikuwa nimejua kwamba Hooyo alitoka ng'ambo. Sikuwa nimejua kwamba alitolewa. Nilimfikiria akiwa msichana, pengine si mkubwa sana kuliko wale wa darasa la nane, akihesabiwa kama kitu cha kufunga damu, na nikaogopa upya, hofu nyingine kabisa, isiyoweza kumwagiwa maji.

Ndipo tukasikia makofi nje. Kwetu mwanamke haingii kwenye kikao cha wazee. Lakini wanawake wana njia yao, nayo ni buraanbur, mashairi yao ya kuimbwa, na mwanaume anayemkatiza mwanamke katikati ya buraanbur hudharauliwa mpaka afe. Walikuwa wanawake wachache tu nyuma ya dirisha, mmoja anapiga kibati, na mama wa Abdi alikuwa kati yao, bado amegeuza uso pembeni lakini akipiga makofi. Sauti iliyoongoza ilikuwa ya Hooyo. Ni sauti ile ile aliyomwimbia Adey alfajiri, haikupanda wala haikutetemeka. Kwa Kisomali kila mstari ulianza na herufi moja, ukashikana na wenzake kama shanga. Kwa Kiswahili nitawapa maana tu:

Mnauliza ukutani kuna nini, nami niko jikoni mwenu.
Siku mliyonitaka hamkuuliza alama yangu, mliuliza kama nitakuja.
Nikaja na mikeka yangu, nikamwacha mama yangu akishika nguzo.
Maziwa mnayokunywa hayana alama, wana niliowazaa hawana alama.
Kama mnataka kufuta, anzeni na mimi, ukuta utawangoja.

Alirudia mstari wa mwisho, wanawake wakaupokea, kisha wakanyamaza.

Ningependa kuwaambia kwamba wazee walilia wakakumbatiana. Walikohoa. Walibishana mpaka alasiri. Mwishowe wakasema hivi: mke wa mtu habanduki kwake. Ngamia abaki ukutani, hana kosa. Alama iondoke leo hii, na mkono ulioiweka ndio uiondoe, watu wa pande zote mbili wakiona. Ngamia mwenyewe, yule wa maziwa, arudi ng'ambo.

Chokaa ikaletwa kwenye ndoo, imekorogwa sasa hivi, bado inachemka kidogo na kunuka. Nikapewa brashi, nikapanda juu ya lile dawati langu. Nyuma yangu walisimama wote, upande huu na upande ule, na nafasi katikati yao. Brashi ilikuwa nzito, chokaa ikanidondokea mpaka kwenye kiwiko. Niliogopa kwamba nikiacha hata ncha moja ya alama watabadili mawazo juu ya Hooyo, kwa hiyo nilipaka na kupaka, mpaka Adey akawa na bonge jeupe shingoni kama amefungwa bandeji. Nilipogeuka, Hooyo alikuwa mbali kabisa, karibu na ua, ameshika shash yake, kitambaa cha kichwani, chini ya kidevu. Alikuwa ananiangalia mimi, si ukuta.

Jioni Abti Nur akaja kumchukua Adey. Hooyo akamkamua mara ya mwisho, na safari hii hakuimba.

Mwalimu Kyalo aliondoka na lori la kwanza la kuelekea Garissa. Hapakuwa na aliyemfukuza. Aliogopa, na sasa kwa umri huu namwelewa vizuri. Kabla ya kupanda alinipa brashi ile nyembamba, akataka kusema kitu, akanishika tu kichwa. Kwa muda mrefu baadaye hatukuwa na mwalimu wa hesabu, na wavulana wengi wa darasa langu walirudi malishoni wakaishia huko. Mashindano ya utamaduni tuliyasikia redioni.

Hooyo hakunisema kwa lile hata siku moja. Hakulitaja kabisa. Mimi nililala na upindo wa nguo yake mkononi mpaka nikaenda sekondari ya bweni mjini, na kule nilijifunza kuchora majani, maua, mapambo ya hina ya maharusi, kila kitu kisicho na mwenyewe. Nikawa mwalimu. Huwaambia wanafunzi wangu wachore wanachokiona, halafu nikizunguka kati ya madawati huangalia kwanza shingo za wanyama.

Hooyo alipofariki, baada ya kupokea watu wa rambirambi siku nzima, nilitoka nikatembea hadi shuleni kupumua. Mvua zilikuwa zimekatika karibuni, bwawa limejaa. Mwalimu mkuu sasa ni Abdi, yule jirani yangu wa dawati, mmoja wa wachache walioendelea, tumbo limemtoka na ndevu zimeanza mvi. Alinipa pole, tukasimama mbele ya ukuta.

Adey alikuwepo, amefifia. Lakini shingoni alama ilikuwa imetoka. Chokaa ilikuwa imebambuka vipande vipande, na chini yake rangi nyeusi ya Mwalimu Kyalo iling'aa kana kwamba niliipaka jana.

“Chokaa hii ni nyepesi, wallahi,” alisema Abdi. “Kila mvua ikipiga, inatoka.”

“Lakini nikija huwa siioni.”

“Ulikuwa unakuja Idi. Hooyo wako alikuwa anakuja mvua zikikatika. Haombi ruhusa, haongei na mtu. Anaweka ndoo chini, anapaka pale shingoni, anaondoka. Ile uliyopaka wewe ilikuwa nene, ilidumu mpaka ulipokwenda sekondari, ndipo akaanza. Nilipokuwa mwalimu hapa mara ya kwanza nilimwambia, eeddo, shangazi yangu, niachie mimi. Akasema, hapana, hii ni ya kwangu.”

Niliokota kipande cha chokaa kilichobambuka.

“Mwaka huu alikuwa mgonjwa,” Abdi akaendelea. “Nimenunua chokaa mwenyewe, nimeikoroga, mkono ukawa mzito. Nikasema nitangoja uje.”

“Wazee wamesema nini?”

“Hawajasema. Labda hawajaiona. Labda wameiona.” Akakoroga ndoo iliyokuwa miguuni pake. “Juzi mtoto mmoja kaniuliza hiyo shingoni ni nini, nikamwambia arudi darasani.”

Alinisogezea ndoo na brashi. Nilichovya. Niliinua mkono, na chokaa ikanidondokea kwenye shati, pale pale kwenye kiwiko, kama zamani. Ilikuwa alama ya baba yake Hooyo na ya kaka zake, na ya ngamia wote aliowakamua kabla hajaletwa kwetu. Alikuwa ameifuta kwa mkono wake mwenyewe, mvua hata mvua, bila mtu kumlazimisha, ili mimi nikae shuleni na nirudi nyumbani nimkute yupo. Na sasa tulikuwa tumemfukia asubuhi ile ile, katika ardhi ya upande wetu, chini ya mchanga usio na kitu juu yake.

Nilirudisha brashi ndani ya ndoo. Nikampa Abdi ndoo yake ikiwa imejaa. Alama nikaiacha wazi.

Msinisifu. Niliogopa njia nzima kurudi Garissa, na ninaogopa hadi leo kwamba kuna atakayeipiga picha alama ile tena. Jana mvua imepiga tena kule, nimesikia kwa watu wa magari, na simu yangu nimeiacha mezani imelala kifudifudi. Vijana wa chokaa wako nje wanamalizia ukuta wa mwisho. Simu imelia mara mbili, na bado sijaigeuza.